Hundi ya Barazani: Mtendaji wa Teknolojia na Fedha Zake katika Kampuni Changa

Mwezi Agosti 1998, kwenye baraza la nyumba ya Profesa David Cheriton mjini Palo Alto, California, Andy Bechtolsheim alionyeshwa injini ya utafutaji iliyobuniwa na wanafunzi wawili wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Maonyesho yalikuwa mafupi, na Bechtolsheim alikuwa njiani kwenda kazini. Hakuketi kupatana bei. Aliandika hundi ya dola 100,000 kwa jina la "Google Inc.", akawakabidhi, akaondoka zake. Kampuni yenye jina hilo haikuwapo. Hundi ilibaki kwenye droo ya Page, haina benki ya kuipokea, mpaka kampuni iliposajiliwa tarehe 4 Septemba mwaka huohuo.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kiasi cha kugeuka somo. Watendaji wa kampuni za teknolojia wenye akiba ya kutosha hukitaja kama ushahidi kwamba mwekezaji malaika, yaani mtu anayetia fedha zake binafsi katika kampuni changa kabla ya taasisi yoyote kuthubutu, hushinda kwa ujasiri na wepesi wa mkono. Makala haya yanadai kuwa somo hilo limesomwa kichwa chini. Bechtolsheim hakuamua kwa dakika chache. Aliamua kwa miaka isiyopungua kumi na sita ya kazi, na zile dakika za barazani zilikuwa za kuandika hundi tu. Anachowekeza mtendaji wa teknolojia kwanza ni ujuzi alioupata kazini, na fedha hufuata nyuma yake. Kutokana na hilo yanazaliwa mambo mawili ambayo wasimulizi huyaruka: ujuzi huo una mipaka, na sehemu yake si mali yake peke yake.

Tuanze na mtu mwenyewe. Bechtolsheim alizaliwa Ujerumani mwaka 1955. Akiwa mwanafunzi Stanford alisanifu kompyuta ambayo ndiyo iliyokuwa msingi wa kampuni ya Sun Microsystems, iliyoanzishwa mwaka 1982 na yeye pamoja na Vinod Khosla, Scott McNealy na Bill Joy. Mwaka 1995 aliondoka Sun akaanzisha Granite Systems ya kutengeneza swichi za mtandao zenye kasi kubwa. Mshirika wake alikuwa Cheriton, mwenye baraza lile. Cisco ikainunua Granite mwaka 1996 kwa dola milioni 220, na Bechtolsheim akabaki Cisco kama makamu wa rais. Kwa hiyo aliyewaleta vijana mbele yake hakuwa mtu wa kupita njia. Alikuwa profesa aliyewahi kufanya naye biashara hadi ikauzwa, mtu ambaye Bechtolsheim alikwisha kuujua uzito wa neno lake.

Sasa tutazame walichokuwa nacho Page na Brin. Diski zao za mwanzo ziliwekwa ndani ya kasha lililojengwa kwa matofali ya kuchezea watoto, na miongoni mwa mashine walizotumia chuoni ilikuwamo Ultra II ya Sun. Wazo lao la kiufundi lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza unajulikana na wengi: ukurasa hupimwa kwa viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine, na kiungo kinachotoka kwenye ukurasa wenye heshima huhesabiwa kuwa kizito zaidi. Upande wa pili hautajwi sana, nao kwa maoni yangu ndio uliokuwa na fedha ndani yake: badala ya kununua mashine chache za bei mbaya zisizoharibika, tumia kompyuta nyingi za bei nafuu na uache programu ishughulikie zile zinazokufa. Ofisa wa mikopo wa benki angeyaona yale matofali ya kuchezea akadhani ni ufukara. Mtu aliyekuwa amesanifu kompyuta na kuziuza aliweza kuona kwamba gharama ya kujibu swali moja la mtumiaji ingeshuka kila mwaka. Kuhusu shida ambayo injini hiyo ilitatua, hakuhitaji ripoti ya utafiti wa soko. Kila aliyetumia injini ya utafutaji ya AltaVista siku zile alizijua kurasa elfu kadhaa ambazo hazikuwa na jibu.

Ndiyo maana nasita kuuita uamuzi ule bahati, ingawa bahati ilikuwapo. Uwekezaji wake mwingine unaelekea upande uleule. Aliweka fedha Magma Design Automation, kampuni ya programu za kusanifia chipu, na baadaye yeye na Cheriton wakaanzisha kwa fedha zao kampuni ya swichi ambayo leo inaitwa Arista.

Msomaji mwenye shaka atasema kisa kimoja hakithibitishi kitu, tena kisa kilichochaguliwa kwa sababu kilifanikiwa. Ana haki. Tuutazame basi utafiti wa Robert Wiltbank na Warren Boeker wa mwaka 2007, uliokusanya taarifa za uwekezaji 1,137 uliokwisha kufungwa na wanachama wa vikundi vya wawekezaji malaika Amerika ya Kaskazini. Asilimia 52 ya uwekezaji huo ilirudisha pungufu ya kilichowekwa. Asilimia 7 tu ilirudisha zaidi ya mara kumi, na hiyo asilimia 7 ndiyo iliyoleta robo tatu ya fedha zote zilizorudi. Jambo linalotuhusu zaidi ni saa za uchunguzi wa awali. Waliochunguza kwa zaidi ya saa 20 kabla ya kutoa fedha walipata kwa wastani mara 5.9 ya walichoweka. Waliochunguza chini ya hapo walipata mara 1.1, maana yake ni kwamba walirudishiwa fedha zao na nauli. Waliowekeza katika sekta waliyoifanyia kazi walipata zaidi ya wageni wa sekta hiyo. Takwimu hizi zina udhaifu: waliojibu walijibu kwa hiari, na aliyefilisika hana hamu ya kujaza dodoso. Aidha saa nyingi huenda zinaonyesha tu kwamba mwekezaji alikwisha kuvutiwa. Hata hivyo, hakuna mahali zinapounga mkono hadithi ya mtu mwepesi wa kalamu. Wepesi wa barazani unaingia katika hesabu hii pale tu tunapokubali kwamba saa zake 20 zilikwisha kulipwa zamani, kwa mshahara wa Sun na Cisco.

Ujuzi ukitoka nje ya mipaka yake, jina kubwa halisaidii. Elizabeth Holmes alianzisha Theranos mwaka 2003 akiahidi vipimo vingi kutoka tone dogo la damu. Miongoni mwa waliomwekea fedha mapema alikuwamo Larry Ellison, mwanzilishi wa Oracle, na mwenyekiti wa bodi kwa miaka kadhaa alikuwa Donald Lucas, aliyewahi kuongoza bodi ya Oracle hiyohiyo. Hawa walikuwa wajuzi wa hifadhidata na wa kuuza programu kwa mashirika makubwa. Katika biashara ya programu, kuahidi leo kitakachofanya kazi mwakani ni desturi, na mteja huvumilia. Kipimo cha damu hakina toleo la majaribio ambalo mgonjwa anaweza kulivumilia. Theranos ilifungwa mwaka 2018, na mwaka 2022 Holmes alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka kumi na moja. Simlaumu Ellison kwa kudanganywa; wengi walidanganywa. Namtaja kwa sababu alichokijua vizuri hakikumpa swali hata moja la maana la kuuliza maabara.

Hapa inaingia nguvu ya sahihi. Baada ya hundi ya Bechtolsheim, Cheriton naye aliweka fedha. Ram Shriram, aliyetoka Netscape na kuingia Amazon, aliweka zake, na Jeff Bezos akaweka dola 250,000. Jumla ilikaribia dola milioni moja. Juni 1999 makampuni mawili makubwa ya mitaji, Sequoia na Kleiner Perkins, yalikubali kuweka dola milioni 25. Kila aliyefuata alikuta jina la aliyetangulia, na jina lile lilimpunguzia kazi. Utaratibu huu ni mzuri mtu wa kwanza anapokuwa amechunguza kweli. Asipochunguza, foleni nzima imesimama nyuma ya mtu ambaye hakuangalia mbele. Chombo kilichobuniwa na Y Combinator mwishoni mwa 2013, mkataba mfupi unaompa mwekezaji haki ya hisa za baadaye bila kuafikiana thamani ya kampuni leo, kimeurahisisha mwendo huu zaidi. Kimeokoa ada nyingi za mawakili. Kimewaondolea pia wawekezaji ile siku ya kukaa mezani na kuulizana maswali, na sioni kilichowekwa mahali pake.

Kuna namna nyingine ya kuwa mwekezaji, ya zamani zaidi. Mike Markkula, meneja masoko aliyestaafu Intel angali kijana, aliingia Apple mwaka 1977 kwa dola 250,000, sehemu kubwa ikiwa mkopo, akachukua takriban theluthi ya kampuni. Lakini pia alikwenda kazini kila siku, akatafuta mtendaji mkuu, na baadaye akashika wadhifa huo yeye mwenyewe. Mtendaji ambaye bado ameajiriwa hawezi kufanya hivyo. Ana mwajiri.

Mwajiri huyo ndiye anayesahauliwa. Mtendaji wa teknolojia huona kampuni changa kabla ya wengine kwa sababu ya kiti alichokalia: ndiye wanayetaka kumuuzia, ndiye anayejua kampuni yake itanunua nini mwakani. Huko California aliyekuwa makamu wa rais wa shughuli za TEHAMA wa Netflix alitiwa hatiani mwaka 2021 kwa kupokea fedha na haki za hisa kutoka kampuni changa alizozipa zabuni za mwajiri wake, akahukumiwa kifungo cha miezi 30. Kwenye karatasi, baadhi ya malipo yale yalionekana kama ya mshauri wa kawaida. Na Bechtolsheim mwenyewe, mtu tuliyeanza naye, alishtakiwa Machi 2024 na tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani kwamba mwaka 2019 alitumia taarifa za siri kuhusu kununuliwa kwa kampuni ya Acacia Communications kufanya biashara ya hisa katika akaunti za watu wawili wa karibu naye. Bila kukiri wala kukana, alikubali kulipa faini ya dola 923,740 na kutoshika uongozi wa kampuni yoyote ya umma kwa miaka mitano. Shauri hilo halihusiani na Google, wala halifuti ubora wa uamuzi wa 1998. Linaonyesha tu kwamba ukaribu na habari, ambao ndio mtaji mkubwa wa watu hawa, hauna alama inayowaka pale unapovuka kutoka ujuzi hadi siri ya mwenzio.

Je, haya yanatuhusu Nairobi na Dar es Salaam? Kwa upande wa ujuzi, sana. Mtendaji wa kampuni ya simu anayejua kwa nini wakala wa M-Pesa huishiwa floti mwisho wa mwezi, na kwa nini mteja hununua laini ya pili badala ya kudai aliyoibiwa, anajua kitu ambacho mwekezaji wa Palo Alto hawezi kukijua kwa saa 20 wala 200. Kinachotofautiana ni mlango wa kutokea. Google iliuza hisa kwa umma Agosti 2004 kwa dola 85 kila moja, na aliyetangulia aliweza kuuza zake. Soko la Hisa la Nairobi lilifungua kitengo cha kampuni ndogo mwaka 2013, lakini zilizoorodheshwa humo ni za kuhesabika. Kodi nayo inavuta upande mwingine: Marekani tangu 1993 ina kifungu kinachompunguzia kodi anayeshikilia hisa za kampuni ndogo kwa miaka kadhaa, ilhali Kenya, kuanzia Januari 2023, ilipandisha kodi ya faida ya mtaji kutoka asilimia 5 hadi 15. Anayeiga Wamarekani hapa kwa kumwaga fedha kidogo kidogo kwenye kampuni nyingi, akingoja moja ilipuke, anangoja mlango ambao haujajengwa. Afadhali achague chache, katika kazi anayoijua, zinazoweza kumlipa gawio kutokana na mauzo ya kawaida.

Suala la mwajiri halisubiri soko likue. Bodi za wakurugenzi za kampuni za simu, benki na mashirika ya umma zinapaswa kuwataka watendaji wao watangaze kwa maandishi kila hisa, haki ya hisa au ada ya ushauri waliyo nayo katika kampuni changa, na wasiguse zabuni yoyote inayoihusu kampuni hiyo. Kanuni hizo ziandikwe sasa, kiasi kinachohusika kingali kidogo na hakuna mkubwa atakayeona ameandikiwa yeye.