Mashini Zilizonyamaza za Zollverein

Mama akitaka kupika wali, kwanza huupepeta mchele na kuyatoa mawe. Makaa ya mawe nayo huchaguliwa vivyo hivyo, maana hutoka mgodini pamoja na mawe matupu. Mjini Essen, katika nchi ya Ujerumani, limo jengo kubwa lililofanya kazi hiyo zaidi ya miaka hamsini. Leo mashini zake zimenyamaza.

Mgodi ule, jina lake Zollverein, ulianzishwa na Franz Haniel mwaka 1847. Shimo la 12, lililochorwa na Fritz Schupp na Martin Kremmer, lilianza kazi mwaka 1932. Kwa siku moja liliweza kutoa tani 12,000, makaa na mawe pamoja. Watu walilisifu kuwa zuri kupita mashimo yote ya dunia.

Kazi yenyewe ilikwendaje? Vigari vilipinduliwa, mzigo ukamwagika juu ya mikanda mirefu iliyotembea. Kando yake walisimama watu, wakiyatoa mawe makubwa kwa mikono. Vipande vidogo vilipelekwa penye maji. Maji yalitikiswa kwa nguvu ya hewa: makaa, kwa kuwa ni mepesi, yakapanda juu, mawe mazito yakazama.

Lakini tusisifu chuma na kumsahau mtu. Vumbi la mawe liliingia mapafuni mwa wachimbaji; wengi walishikwa na silikosi, wakaishiwa na pumzi kabla ya uzee. Tena, wakati wa vita ya pili, mateka na watu waliotolewa kwao kwa nguvu walifanyishwa kazi katika migodi ya Ruhr. Hayo hayakuandikwa juu ya gurudumu wala bomba.

Tarehe 23 Desemba 1986 kazi ikakoma, maana makaa ya ng'ambo yalikuwa ya bei ndogo. Basi, mashini zivunjwe na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, au zitunzwe? Serikali ya jimbo ikapanunua mahali pale na kupalinda. Mwaka 2001 UNESCO ikapaandika kati ya urithi wa dunia. Mwaka 2010 jengo la kusafishia makaa likafunguliwa kuwa makumbusho ya nchi ya Ruhr. Wageni hupita kati ya mashini zile zile, na wachimbaji wa zamani wamekuwa viongozi wao.

Je, ni upuzi kutunza chuma kisichozalisha kitu tena? Sivyo. Jengo lingalivunjwa, wajukuu wangalisikia habari za utajiri tu, wasijue ulipatikana kwa jasho la nani. Kwetu pia, Katanga na Kivu, ziko mashini za migodi zilizoshikwa na kutu. Kabla hazijauzwa, tuwaendee wazee waliozitumia, tuwaulize: hii ilifanya kazi gani? Nani alisimama hapa? Tuyaandike majibu yao upesi, wangali hai.