Kichaka kinachojifanya kimekufa

Ukisafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishaipita Mariakani minazi huanza kukuaga. Ufikapo Taru, kulia na kushoto ni vijiti vya kijivu, miiba na vumbi jekundu. Watu wa pwani waliiita nchi hii nyika, na misafara ya pembe za ndovu iliikata mbiombio, kila mpagazi akitegemea kibuyu chake cha maji. Mmisionari Johannes Rebmann naye aliipita mwaka 1848 hadi akauona Kilimanjaro. Mlima ndio uliompa jina. Vichaka hakuna aliyeviulizia.

Vingi kati ya vijiti hivyo ni Commiphora, ukoo wa mmanemane, wenye spishi zinazokaribia 200. Waliokazana kuviita msitu uliokufa hawakuvikwaruza. Mvua zikikatika, kichaka hupukutisha majani yote na kukaa uchi kwa miezi. Lakini chini ya gamba la nje, ambalo kwa spishi nyingi hubambuka kama karatasi, kuna ganda la kijani linaloendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ukilijeruhi, utomvu wenye harufu hutiririka, huganda na kuziba kidonda. Hata nguzo ya ua iliyokatwa kwenye kichaka hiki huweza kuchipua ikichimbiwa ardhini, na wakulima wengi wa nchi kavu hupata boma lisilohitaji misumari.

Utomvu huo ndio uliokuwa na soko. Yapata mwaka 1470 kabla ya Kristo, Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu nchi ya Punt, zikarudi na miti ya uvumba ikiwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Michoro yake ingaliko kwenye hekalu la Deir el-Bahari. Wataalamu wangali wanabishana kama ilikuwa mimanemane au miubani. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja manemane ikipakiwa katika bandari za Somalia. Lakini Rhapta, soko la mwisho kusini mwa pwani yetu, iliuza pembe na magamba ya kasa, si manemane. Sababu moja ni ya kibotania: mmanemane wenyewe, Commiphora myrrha, ni wa Somalia, Ethiopia, Uarabuni na kaskazini-mashariki mwa Kenya. Huko Wajir na Mandera wafugaji wangali wanaokota utomvu, hasa ule wa hagar, unaotoka kwa ndugu yake, Commiphora holtziana.

Nyika ya Tsavo haikuwa na manemane ya kuuza, ila ilikuwa na tembo. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1948 vichaka vilikuwa vimesongamana hata mnyama haonekani. Kufikia miaka ya 1960 tembo walikuwa wamevivunja na kuvibandua maganda, na sehemu kubwa ya Tsavo Mashariki ikawa mbuga ya nyasi. Mtafiti Richard Laws alitaka tembo wapatao 3,000 wapunguzwe kwa risasi. Msimamizi wa hifadhi, David Sheldrick, akakataa: maumbile yaachwe yajirekebishe. Laws aliondoka mwaka 1968.

Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo, wengi wao majike na ndama walioshindwa kwenda mbali na maji. Kisha wakaja majangili, na hao hawakuwa maumbile. Katika hesabu ya mwaka 1988, eneo zima la Tsavo, lililowahi kukadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 35,000, lilikuwa na wasiofika 6,000.

Vichaka vilirudi. Binafsi sioni kama hapo kuna aliyeshinda ule ubishi wa Laws na Sheldrick. Ukipita Taru mwezi wa Oktoba, simama kidogo, ukwaruze kijiti kimoja kwa ukucha, unuse.