Lipa Namba: Amri Iliyogeuka Nomino

Katika maduka ya kata ya Mzinga mjini Morogoro, chini ya safu ya milima ya Uluguru, teknolojia ya kurahisisha manunuzi haikuja kwa sura ya matoroli ya ununuzi yenye skrini wala makabati yanayofunguka yenyewe mteja akifika kuchukua kifurushi chake. Ilikuja kwa sura ya kibandiko. Kwenye wavu wa duka la mangi au ukutani mwa duka la pembejeo utakiona: jina la biashara, tarakimu chache zilizoandikwa kwa wino mzito, pengine mraba wa msimbo wa QR pembeni, na juu yake maneno mawili, Lipa Namba. Duka moja laweza kuwa na vibandiko vitatu vya mitandao mitatu, vimepangwa kama picha za wagombea. Makala haya yanahusu jina hilo. Halikuzaliwa katika kikao cha Baraza la Kiswahili la Taifa, na wapo wanaoliona kuwa ni Kiswahili cha matangazo. Ninavyoona mimi, ni istilahi sahihi kuliko zote zinazoweza kuwekwa mahali pake, kwa sababu inatenganisha vitu ambavyo mnunuzi akivichanganya hupoteza fedha au hukosa mzigo.

Tuanze na vitenzi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mtumiaji wa kawaida alihitaji vitenzi viwili tu: kutuma na kutoa. Fedha zilitoka kwa mtu zikaenda kwa mtu, kisha zikatolewa kwa wakala. Muuza duka aliyetaka kulipwa kwa simu aliingizwa katika mkondo uleule, akawa anatumiwa kama shangazi anavyotumiwa hela ya matumizi. Hapo ndipo yalipozaliwa maneno ambayo kila Mtanzania ameyasikia dukani: “tuma na ya kutolea.” Mteja alinunua sukari ya shilingi kadhaa, akaongezewa gharama ya kutoa fedha ambazo yeye hatazitoa. Kitenzi cha tatu, kulipa, kilipoingia katika menyu ya simu, kilikuja na akaunti ya aina nyingine, iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Tofauti hiyo ya vitenzi ina uzito hata serikalini: tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kabla ya kupunguzwa, ilielekezwa kwenye kutuma na kutoa. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini jina la namba hii lianze na kitenzi, jibu lipo katika historia yake. Kitenzi ndicho kilichoitofautisha na namba zilizotangulia.

Leo mnunuzi wa Morogoro ana namba za aina tatu mkononi, na kila moja ina mwenyewe. Namba ya simu ni ya mtu. Ukituma huko, umempa mtu fedha, na madai yako kuhusu bidhaa ni mazungumzo kati yako naye. Kontrol namba, inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali, ni ya deni moja, liwe ankara ya maji, faini au ada. Deni likishalipwa, namba hiyo imemaliza kazi yake. Lipa Namba ni ya duka. Haibadiliki leo na kesho, haitegemei nani amekaa kaunta, na ukiiingiza kwenye simu, kabla ya kuombwa namba ya siri, unaonyeshwa jina la biashara unayoilipa. Namba tatu, wenyewe watatu: mtu, deni, duka. Istilahi inayostahili jina hilo ni ile inayomwezesha mtu asiye mtaalamu kushika mgawanyo huu bila kuelezwa mara mbili.

Umuhimu wa mgawanyo huu unaonekana zaidi pale mnunuzi asipokuwepo dukani. Mkazi wa Mzinga anayetaka mtungi wa gesi, mfuko wa chakula cha kuku au mabati matano kutoka katikati ya mji halazimiki kufunga safari na fedha mfukoni. Anapiga simu dukani, anauliza bei, anaomba Lipa Namba, analipa, kisha anamwagiza bodaboda akachukue mzigo. Anaweza kufanya hivyo kwa simu ya kitochi isiyo na intaneti, kwa kubonyeza *150*00# au namba ya mtandao wake. Vivyo hivyo kwa anayeagiza nguo au vipuri Kariakoo, vikapakiwa kwenye basi na kupokelewa stendi ya Msamvu. Katika miji ya Ulaya na Marekani utaratibu wa kulipia kwanza na kuchukua baadaye ulijengwa na minyororo ya maduka makubwa yenye tovuti na maghala. Hapa umejengwa na simu, kibandiko na bodaboda. Unasimama juu ya swali moja: mwenye duka ana uhakika gani kwamba amelipwa, na mteja ana uhakika gani kwamba aliyelipwa ni duka? Malipo yaliyoingia kwenye Lipa Namba yanajibu pande zote mbili, kwa kuwa ujumbe wa mteja una jina la biashara na kumbukumbu ya muamala, na duka linapata ujumbe wake wenye kumbukumbu hiyohiyo.

Yapo majina mengine yanayoweza kupendekezwa, na inafaa yapimwe. Nchini Kenya, tangu Safaricom ilipoanzisha Lipa Na M-Pesa mwaka 2013, watu wengi husema “tili”, yaani jina la Kiingereza la droo ya fedha ya kaunta. Ni neno fupi na limezoeleka, lakini linamwangalia muuzaji na droo yake, ilhali anayehitaji kuelekezwa ni mnunuzi. “Namba ya malipo” inaonekana safi, ila inagongana moja kwa moja na kontrol namba, ambayo nayo ni namba ya kufanyia malipo. “Namba ya mfanyabiashara” ni mbaya zaidi, kwa sababu mfanyabiashara pia ana namba yake ya simu, na ndiyo hasa tusiyotaka mteja aitumie. Jina hilo linarudisha mkanganyiko uleule uliokusudiwa kuondolewa. Watanzania wanaujua vizuri ujumbe wa matapeli, “ile pesa tuma kwenye namba hii.” Ujumbe huo ulifanikiwa kwa sababu “namba” peke yake haisemi ni ya nani.

Pingamizi zito linatoka kwa wanasarufi. Wanasema kwamba Kiswahili hutanguliza nomino kisha sifa yake, kwa hiyo ilipaswa kuwa “namba ya kulipia”. Wanaongeza kwamba namba hailipwi, hulipwa mtu au deni, kwa hiyo angalau iwe “lipa kwa namba”. Hoja ya pili ina jibu jepesi. Lugha hii imezoea kuweka chombo cha tendo mara baada ya kitenzi bila kihusishi: mtu hupigwa fimbo, huchomwa kisu, hupigwa ngumi, na hakuna anayedai kwamba fimbo ndiyo iliyopigwa. Hoja ya kwanza inahitaji subira zaidi. Tunayo maneno ya kitenzi na nomino kama zimamoto, pimamaji na chemshabongo, lakini lazima tukiri kwamba hayafanani kabisa na Lipa Namba. Zimamoto huzima moto, na pimamaji ya fundi si aina ya maji. Lipa Namba ni namba kweli, na ndiyo maana watu husema “Lipa Namba yako” na “Lipa Namba zetu”, upatanisho ukifuata ngeli ya namba. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba neno hili lilianza kama amri juu ya kibandiko: lipa, namba hii hapa. Amri ikasomwa mara nyingi hadi ikawa jina. Kiswahili hakioni haya kufanya hivyo. Tunazungumzia “siasa za nipe nikupe” na kila mtu anaelewa kwamba amri imegeuka nomino. Jina lililopita njia hiyo lina asili ya Kiswahili, hata kama mpangilio wake unaleta harufu ya kigeni.

Pingamizi la pili ni kwamba hili ni jina la biashara, na kamusi haipaswi kuwa ubao wa matangazo. Tahadhari hiyo ni ya haki. Ila jina la biashara hutambulika kwa kuwa na mmiliki mmoja, na Lipa Namba haina. Kampuni za simu zinalitumia, benki zinalitumia, na mteja husema “nipe Lipa Namba” kabla hajajua ni ya mtandao gani. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu ya Tanzania, unaoitwa TIPS, unaunganisha benki na mitandao ya simu, na kiwango cha taifa cha msimbo wa QR, TANQR, kimewekwa ili mraba mmoja usomeke na watoa huduma wote. Kadiri mifumo inavyounganishwa, ndivyo jina linavyozidi kuwa la kitu na kuacha kuwa la kampuni. Na wanaodhani kwamba mraba utaua jina hili wafikirie upya. Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani na Denso Wave mwaka 1994, ni chombo cha kubeba taarifa tu. Kilichomo ndani ya ule mraba wa dukani ni taarifa ya duka, ikiwemo namba yake. Simu ikiusoma inamwepushia mteja kubonyeza tarakimu, namba inabaki.

Kuna pingamizi la tatu ambalo sitaki kulipunguza uzito: kwamba jina zuri halimlindi mtu. Ni kweli. Tapeli anaweza kusajili biashara, ujumbe wa simu unaweza kughushiwa na kuonyeshwa kaunta, na muuzaji asiyeangalia simu yake mwenyewe atatoa mzigo kwa picha. Tena muamala wa Lipa Namba si risiti ya mashine ya kodi, EFD, ambayo mfanyabiashara anayehusika anawajibika kuitoa kisheria. Mteja aliyelipa kwa simu bado ana haki ya kuidai. Na mama mwenye gunia la karoti kutoka Mgeta hana sababu ya kukataa fedha taslimu kwa sababu tu jirani yake amebandika kibandiko. Istilahi haifanyi kazi ya polisi wala ya mamlaka ya mapato. Kazi yake ni kutoa maneno ya kuulizia swali sahihi. Mteja anayejua tofauti ya kutuma na kulipa anaweza kuuliza: “Hii ni namba yako au ya duka?” Asiyekuwa na maneno hayo hawezi hata kuanza kushuku.

Kwa sababu hizo, hukumu yangu ni kwamba neno hili liingizwe katika kamusi kama nomino ya ngeli ya I-ZI, liandikwe kwa herufi ndogo, lipa namba, na lipewe maana moja: namba ya kudumu ya biashara inayopokea malipo ya wateja kwa simu au benki. Wenye maduka nao wana wajibu wao. Anayetoa lipa namba kisha akadai “ya kutolea” amerudi kwenye mkondo wa kutuma. Gharama ya kuhamisha fedha zake ni ya biashara yake, kama ilivyo kodi ya pango. Na wewe msomaji, ukiagiza mzigo ambao hujaushika, omba lipa namba, soma jina la duka linalotokea kwenye kioo cha simu, lilinganishe na duka uliloongea nalo, ndipo uingize namba ya siri. Jina likiwa la mtu usiyemjua, usilipe.