Karafuu, Wakf na Wageni: Chakula na Haja za Umma katika Historia ya Pemba

Utalii wa chakula, yaani safari anazofanya mgeni ili aone vyakula vinavyolimwa, vinavyovuliwa na vinavyopikwa mahali fulani, mara nyingi husifiwa leo kwa kuchangia shule, visima au uhifadhi, na sifa hiyo hutolewa kana kwamba mchango wa namna hiyo ulianza na watalii. Historia ya kisiwa cha Pemba haikubaliani na dhana hiyo, kwa sababu huko mazao ya shamba na ya bahari yamefungamanishwa na haja za umma tangu zamani, na suala lililozusha mvutano katika kila zama lilikuwa ni nani mwenye kauli juu ya mapato.

Utaratibu wa kale zaidi ni wakf, ambao ni mali iliyoondolewa na mwenyewe katika miliki yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na mazao yake pekee ndiyo hutumika kwa lengo alilolitaja. Minazi, na baadaye mikarafuu, iliwekwa wakf ili mavuno yake yaendeshe misikiti na kuwasaidia maskini, na mtu aliyeitoa ndiye aliyeweka masharti, hata baada ya kufa kwake. Serikali ya kikoloni ilipounda Kamisheni ya Wakf mwaka 1905, usimamizi wa mali hizo uliingia ofisini, na kauli ya jamaa na majirani ikapungua.

Karafuu yenyewe ilienea chini ya Seyyid Said bin Sultan katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, lakini kilichoifanya Pemba kuwa shamba kuu la zao hilo ni kimbunga cha mwaka 1872, ambacho kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa ikiwa salama. Mashamba hayo yalitegemea kazi ya watumwa, na jambo hili halifai kupitwa kwa haraka katika simulizi yoyote ya viungo vya Zanzibar, kwa kuwa harufu inayomvutia mgeni wa leo ilitokana na jasho la watu waliokuwa hawana hiari. Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, mtumwa alitakiwa aombe uhuru wake mwenyewe, na aliyeupata alipaswa kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Uhuru uliotolewa kwa sharti hilo uliweza kumaanisha kupoteza kibanda na konde aliyokuwa akiilima kwa idhini ya bwana wake.

Pengo hilo ndilo ambalo waumini wa Kikristo wa madhehebu ya Marafiki, wanaoitwa pia Wakweka, walikusudia kuliziba walipofungua misheni yao ya kazi huko Banani, karibu na Chake Chake, mwaka huohuo wa 1897, wakiongozwa na Theodore Burtt. Walipata shamba la mikarafuu, wakawapa walioachwa huru mahali pa kukaa na kazi ya ujira, na wakaendesha mafunzo pamoja na ibada. Banani inastahili kukumbukwa kuwa miongoni mwa majaribio ya mapema ya kulifanya zao la biashara litumikie haki ya mnyonge. Hata hivyo, shamba lilikuwa la misheni, na aliyelilima kwa ujira hakuwa na sauti juu yake.

Dola ilipolichukua jukumu hilo, ilifanya hivyo kwa ukubwa zaidi. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoundwa mwaka 1927, na baada ya Mapinduzi ya 1964 Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, vilikusanya karafuu kwa jina la maslahi ya wote. Kwa miaka mingi bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya soko la dunia, na magendo ya kuvusha karafuu kwenda Mombasa yalikuwa jibu la Wapemba kwa bei hiyo, licha ya adhabu kali. Ahadi ya miaka ya 2010 ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia ilikuja kwa kuchelewa sana.

Utalii uliingia katika historia hii kwa mlango usiotarajiwa, nao ni nyama ya popo. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani, aliwindwa kwa bunduki na kuliwa kama kitoweo hadi, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wakahofia kwamba angetoweka. Katika miaka ya 1990 vijiji kadhaa viliunda vikundi vya mazingira, na huko Kidike, kaskazini mwa Chake Chake, wanakijiji waliacha kuwinda na wakaanza kutoza kiingilio kwa wageni wanaokuja kuwatazama popo hao mitini, huku fedha zikitumika kwa mambo ya kijiji. Idadi ya popo iliongezeka hadi maelfu mengi. Kisiwa cha Misali, ambacho wavuvi walipinga mpango wa kukikodisha kwa hoteli, nacho kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, na samaki wakabaki kuwa riziki ya wavuvi walioweka kambi humo kwa vizazi vingi.

Kinachoitofautisha Kidike na Banani ni kwamba waliokuwa wakila nyama hiyo ndio walioamua kuiacha, na ndio walioshika kisanduku cha viingilio. Matembezi ya viungo, ambayo humwonyesha mgeni mdalasini, iliki na pilipili manga zikiwa bado shambani, na ziara za kiwanda cha Wawi ambako makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hukamuliwa mafuta, bado hayajafikia hapo, kwani mchumaji anayepanda mkarafuu na mwanamke anayechambua karafuu jamvini huonekana na mgeni bila kuwa na neno juu ya ada anayolipa.