Taa za Mashimoni

Kiabakari ipo kando ya barabara itokayo Musoma kuelekea Bunda, katika nchi ya vilima vya mawe ambayo leo ni wilaya ya Butiama. Apitaye njiani huona maduka, mashamba na watu wanaongoja gari. Lakini chini ya nyayo zao iko Kiabakari ya pili, iliyochimbwa tangu miaka ya 1930 na kuachwa katika miaka ya 1960, yenye mashimo na njia zilizopasuliwa mwambani kwa baruti na nyundo. Hesabu za mgodi wowote huandikwa vizuri: wakia za dhahabu, tani za mawe, mishahara. Lakini sura ya mahali pale penyewe, jinsi palivyokuwa mbele ya macho ya mtu, haiandikwi katika hesabu. Na si rahisi kuandikwa popote, kwa maana hata waliofanya kazi mle hawakupata kuiona yote.

Jambo hili litaeleweka tukianza na bei. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mawe ambayo jana hayakuwa na faida yakawa mali, na katika Tanganyika nzima, tangu Lupa hata Geita na nchi ya Musoma, watu waliingia ardhini kwa pupa. Bei ile ya dola 35 ikabaki pale pale zaidi ya miaka thelathini, huku mishahara, mafuta na mitambo vikizidi kupanda. Ndiyo sababu kubwa, ingawa si ya pekee, iliyofanya migodi ya Geita na Kiabakari ifungwe katika miaka ya 1960. Mwaka 1971 Marekani iliacha kuibadilisha dola yake kwa dhahabu, na bei ikaanza kupaa tena, lakini wakati huo mashimo mengi yalikwisha jaa maji.

Basi migodi hii ilianza kazi katika enzi ya taa ya kabaidi. Kabaidi ni jiwe la kijivu linalopikwa kwa chokaa na makaa katika tanuri la umeme. Njia ya kulifanya kwa wingi iligunduliwa mwaka 1892 na Thomas Willson, mtu wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Likidondokewa na maji hutoa hewa iitwayo asetilini, na hewa hiyo huwaka kwa mwali mweupe. Taa ya mchimbaji ilikuwa kikopo chenye vyumba viwili, maji juu na kabaidi chini. Mchimbaji aliyafungulia maji yadondoke kidogo kidogo, akawasha hewa penye tundu jembamba mbele ya sahani ya kung'aa, akaitundika taa kwenye kofia. Baada ya saa chache kabaidi iligeuka uji wa chokaa, naye akaumwaga na kutia nyingine.

Neno karabai, linalojulikana sana na wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria, kwa sauti yake laonyesha limetoka kabaidi. Taa yenyewe ilikwisha badilika, ikawa ya mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Jina la jiwe likabaki ziwani. Huenda hakuna kumbukumbu nyingine ya taa ile iliyo hai kuliko hiyo.

Taa ya kabaidi ilimwangazia mtu hatua chache tu mbele yake. Aliona patasi, aliona mshipa wa jiwe, na uso wa mwenzake akimgeukia. Mbali na hapo palikuwa giza, na kuta nyeusi za mgodi huimeza nuru kama mchanga unywavyo maji. Tena kuna kanuni isiyokwepeka: umbali ukiongezeka mara mbili, nuru hubaki robo. Kwa hiyo mtu angeweza kufanya kazi miaka kumi katika pango lililochimbwa kwa mikono yake, asijue dari lake lina umbo gani. Aliyetaka kuona umbo hilo alipaswa kuleta nuru nyingine, isiyo ya kufanyia kazi bali ya kutazamia.

Nuru hiyo ilitafutwa kwanza Ulaya. Mwaka 1861 Nadar, mpiga picha wa Paris, aliteremka katika makaburi ya chini ya mji ule akiwa na taa ya umeme iliyolishwa na betri nzito zilizobaki juu barabarani, nyaya zikipitishwa mashimoni. Picha moja ilihitaji kama dakika 18. Hakuna kibarua awezaye kusimama bila kutikisika muda wote huo, basi Nadar alivika sanamu nguo za kazi akazisimamisha mahali pa watu. Kwa hiyo miongoni mwa picha za kwanza za kazi ya chini ya ardhi kuna ambazo mfanyakazi wake si mtu. Mwaka 1864 Alfred Brothers wa Manchester aliwasha utepe wa magnesi ndani ya mgodi wa Blue John huko Derbyshire akapata picha. Na miaka miwili baadaye Charles Waldack akafanya vivyo hivyo katika pango kubwa la Mammoth, Marekani. Magnesi ilikuwa nyepesi na iliweza kubebwa mfukoni, ila kila mwako ulitoa moshi mweupe mzito uliojaza pango.

Aliyeishinda kazi hii kwa uvumilivu ni J. C. Burrow, katika migodi ya bati na shaba ya Cornwall. Kitabu chake kilitoka mwaka 1893. Wachimbaji wa huko walibandika mshumaa kwenye kofia kwa bonge la udongo, na huo ndio mwanga waliokuwa nao. Burrow aliwapanga, akawasha taa za chokaa na unga wa magnesi kwa pamoja, na kwa nukta chache ukumbi wote ukaonekana: magogo yaliyoegemezwa, ngazi, wanaume wenye nyuso zilizoduwaa. Picha zake ni za kweli, lakini ni picha za mahali ambapo hapakuwapo kwa wenyeji wake ila kwa nukta zile. Si haki kuziita uongo. Wala si haki kusahau mshumaa.

Baadaye mambo yaliharakika. Mwaka 1929 Ujerumani ilitoa balbu iliyofungia mwako ndani ya kioo, moshi ukaisha. Ikafuata taa ya mmweko ya umeme. Na tangu miaka ya 1990 taa ndogo za LED, ambazo leo mchimbaji mdogo wa Mara huifunga moja kichwani kwa mkanda. Mpiga picha aingiaye handaki lililoachwa hahitaji tena punda wa kumbebea mizigo. Husimamisha kamera juu ya miguu mitatu, huacha kilango chake wazi, kisha mwenzake hutembea na tochi akipaka nuru ukutani kama apakaye chokaa nyumba. Asiyejua huweka taa karibu na lenzi, na vumbi na ukungu vikamrudishia weupe mtupu. Ajuaye huipeleka mbali, pembeni au nyuma ya nguzo, ndipo miamba hupata vivuli na kina.

Lakini katika maendeleo hayo kuna kitu kilichopotea, nacho ni kikubwa kuliko picha. Taa ya moto ilikula hewa ile ile aliyoivuta mtu. Hewa njema ina oksijeni kama sehemu 21 katika 100. Ikipungua kufika 16 au 17 mshumaa huzimika, na mtu bado ana nguvu za kurudi. Mwali wa kabaidi ulikuwa mkaidi zaidi, ukaendelea hadi 12 au 13, mahali ambapo kichwa cha mtu kimeanza kuzunguka. Hata hivyo uliokuwa mwali mweupe ulififia na kubadilika, na mzoefu aliusoma. Taa ya LED haisomi kitu. Itaangaza vizuri juu ya mtu aliyekwisha anguka.

Katika shimo lililoachwa, kama yale ya Kiabakari, hatari hii ni ya kila siku. Kuni za kuegemezea huoza, maji hutuama, na hewa nzito hulala mahali pa chini bila harufu wala rangi. Wachimbaji wadogo wa nchi za ziwa huyaita mashimo yao maduara, na mara nyingine duara jipya hutoboka likakutana na handaki la zamani ambalo halikupata upepo tangu kampuni ilipoondoka.

Wala isidhaniwe kwamba kurudisha moto kungetosha. Pampu ya petroli ikitiwa ndani ya shimo ili kuvuta maji, hutoa moshi wenye sumu ya kaboni monoksaidi, na mshumaa hauitambui kabisa. Huendelea kuwaka vizuri huku watu wakisinzia. Kwa sumu hiyo wachimbaji wa makaa wa Uingereza walichukua ndege wadogo kizimbani, ambao waliachwa kutumika kwa amri mwaka 1986, vyombo vya umeme vilipochukua nafasi yao. Vyombo hivyo leo ni vidogo kiasi cha kuning'inizwa kifuani, na hulia hewa inapoharibika. Ndicho kifaa ambacho mpiga picha, mpimaji ardhi au mchimbaji aingiaye katika njia za zamani apaswa kukinunua kabla ya taa ya pili; na pampu, ikiwa lazima iwepo, ikae juu ya ardhi na kuteremsha bomba peke yake.