Namna Nguvu ya Upepo Inavyokokotolewa kwenye Paa na Kuta za Nje za Majengo

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mkoa wa Simiyu, uliotangazwa rasmi mwaka 2012, hauna maghorofa marefu yenye kuta za vioo kama yaliyopo Dar es Salaam. Hata hivyo, hesabu inayomwongoza mhandisi kuchagua unene wa kioo cha ghorofa ya 30 ndiyo hiyohiyo inayoamua idadi ya skrubu katika bati la darasa mjini Bariadi.

Msingi wake ni mwendo wa upepo. Kiwango cha Ulaya cha EN 1991-1-4 huanza na wastani wa dakika 10 uliopimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, ambao uwezekano wa kuzidiwa ni asilimia 2 kila mwaka. Kiwango cha zamani cha Uingereza, CP3 cha mwaka 1972, hutumia dharuba ya sekunde 3. Viwango hivi viwili havichanganywi ovyo, kwani wastani wa dakika 10 ni mdogo kuliko dharuba.

Mgandamizo hupatikana kwa kuzidisha mwendo (mita kwa sekunde) kwa mwendo huohuo, kisha kwa 0.613. Kilomita 40 kwa saa, kiwango kinachotajwa mara kwa mara katika tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), hutoa takribani niutoni 76 kwa mita ya mraba. Dharuba ya kilomita 108 kwa saa hutoa 552. Mwendo haujafika hata mara tatu, lakini mgandamizo umezidi mara saba.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani upepo husukuma tu. Unapopita juu ya paa, upepo hulifyonza, na ufyonzaji huwa mkali zaidi kwenye kona na kingo. Kwa kona ya paa, kizidisho cha 2 si cha ajabu. Kwa dharuba hiyo ya mfano, kila mita ya mraba huvutwa juu kwa niutoni 1,100, sawa na uzito wa kilo 110. Bati la unene wa milimita 0.3 lina uzito wa takribani kilo mbili na nusu tu kwa eneo hilo. Madirisha yakiwa wazi upande wa upepo, hewa iliyoingia ndani nayo husukuma paa kutoka chini.

Papi zikiwa umbali wa mita moja na skrubu kila sentimita 25, kila skrubu ya konani hubeba takribani kilo 28. Fundi akiruka moja kati ya kila mbili, mzigo huwa kilo 56. Aidha, skrubu imara haitoshi iwapo papi haijafungwa vyema kwenye kenchi, na kenchi kwenye lenta. Paa huweza kung'oka zima na mbao zake.

Bariadi ipo juu zaidi ya usawa wa Ziwa Viktoria, ambao ni takribani mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya mwinuko huo hupunguza mgandamizo kwa takribani asilimia 10. Nafuu hiyo ni ndogo mno kuwa sababu ya kupunguza skrubu.

Mwendo wa upepo wa kusanifia hutokana na kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa, na hesabu hufanywa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwananchi anayeomba kibali cha ujenzi katika halmashauri yake anaweza kumwuliza mhandisi wake ni mwendo upi uliotumika, na kona za paa zimewekewa skrubu ngapi.