Marekani: Hakuna kuchimba msingi bila kibali cha maji ya mvua

MKANDARASI nchini Marekani anayetaka kuchimbua eneo la ekari moja au zaidi hutakiwa kuwa na kibali cha maji ya mvua kabla ya kuanza kazi, endapo maji ya eneo hilo hutiririkia mtoni, ziwani au kwenye mifereji ya mji.

Sharti hilo linatokana na Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972, iliyorekebishwa mwaka 1987. Kanuni za mwaka 1990 zilihusu maeneo ya ekari tano na kuendelea. Zile za mwaka 1999 zikashusha kiwango hadi ekari moja. Kiwanja kidogo zaidi nacho hubanwa kikiwa sehemu ya mradi mkubwa.

Ardhi iliyofyekwa haina cha kuishikilia. Mvua inaponyesha, udongo husombwa pamoja na saruji, rangi na mafuta ya mitambo. Tope hilo hufukia mazalia ya samaki, huziba mifereji na kuongeza gharama za kusafisha maji ya kunywa.

Majimbo mengi hutoa vibali yenyewe. Kwingineko, ikiwamo Massachusetts na New Hampshire, kazi hiyo hufanywa na Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo (EPA).

Chini ya kibali cha jumla cha EPA cha mwaka 2022, mkandarasi huandaa kwanza mpango wa kuzuia uchafuzi, kisha huwasilisha taarifa ya kusudio siku 14 kabla ya kuanza kazi. Mpango huo huonyesha mahali pa uzio wa kuzuia tope, lango la kokoto la kupunguza udongo kwenye magurudumu, na sehemu ya kuoshea vyombo vya zege.

Ukaguzi hufanywa kila baada ya siku saba. Au kila baada ya siku 14, pamoja na ndani ya saa 24 baada ya mvua ya robo inchi, yaani takriban milimita sita. Sehemu ambayo kazi yake itasimama kwa siku 14 au zaidi ni lazima ianze kufunikwa mara moja, kwa nyasi au matandazo.

Anayekiuka anaweza kutozwa faini inayozidi dola 60,000 kwa kila siku ya kosa. Wajibu huo haukomi jengo linapokamilika, bali ardhi inapotulia na mkandarasi kuwasilisha taarifa ya kufunga kibali.